Tui la Tatu

Harufu ya utoto wangu ni ya mafuta yaliyochoka. Wenzangu wanaoandika kumbukumbu zao za Mji Mkongwe wa Unguja huzungumzia karafuu, asumini na udi, nami nawapa hongera zao. Nyumbani kwetu Malindi, vichochoro viwili vitatu kutoka bandarini, asumini ilikuwa upuuzi na udi ulikuwa kuchoma pesa juu ya mkaa. Sisi tulinuka mafuta ya kupikia yaliyokaangiwa samaki, kisha bajia, kisha samaki tena, mpaka yakawa meusi kama yaliyomwagwa gereji, na bado yalichujwa kwa kipande cha fulana kuukuu, yakarudishwa koponi, yakawekwa juu ya kabati kungoja kesho. Harufu hiyo ilipanda ngazi, ikaingia kwenye mapazia na kukaa katika mabuibui ya mama yangu. Ilikuwepo hata siku za kufua, kwa sababu sabuni nayo ilikuwa na sheria zake.

Nasema mapema, ili msomaji asipoteze huruma yake bure, kwamba hatukuwa maskini. Baba yangu, Bwana Khelef, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Darajani, akiuza misumari, rangi, bati na mabomba. Alikuwa na nyumba ya kupangisha na kiwanja Fuoni ambacho alikwenda kukitazama kila Jumapili, akasimama katikati ya magugu, akaridhika, akarudi kwa miguu mpaka pale nauli inapopungua. Mtu wa namna hii kwa Kiswahili huambiwa ana mkono wa birika, lakini baba hakujiona hivyo. Neno lake lilikuwa israfu. Ukimwaga maji kidogo, israfu. Ukiwasha taa magharibi kabla giza halijaingia sawasawa, israfu. Ukicheka sana mpaka ukasikia njaa, hiyo nayo ilikuwa israfu ya nguvu. Alilitamka kwa makhraji kamili, kama mtu aliyesimama mimbarini, na kwa muda mrefu mimi niliamini kwamba tabia zake zote zimeshuka kutoka mbinguni. Nilipokua nikafundishwa kwamba dini hiyo hiyo iliyokataza israfu imekataza na ubahili, nikatambua kuwa ukurasa huo baba aliuruka.

Majani ya chai yalianikwa juani ghorofani kwenye gazeti, yakachemshwa tena mpaka chai ikawa na rangi ya maji ya kufulia kanga mpya. Vipande vya sabuni vilivyobakia vilifinyangwa pamoja vikawa dongo moja lenye rangi zote, gumu, lisilotoa povu. Mifuko ya plastiki ilifuliwa na kutundikwa kwenye kamba pamoja na nguo zetu za ndani, na wapita njia walioinua macho wakaviona vyote viwili. Viatu vya skuli tulinunuliwa vikubwa, tukajaza pamba mbele, tukatembea kama bata. Nyumba nzima ilikuwa na globu moja ya taa, ya kuzungukazunguka. Aliyetaka kuingia chumbani aliifungua ukumbini ingali ya moto, akaishika kwa ncha ya shati, akaenda kuifunga kule. Televisheni ilikuwepo, maana baba aliichukua kwa mtu aliyeshindwa kumlipia bati, lakini ilifunikwa kitambaa cha kufuma na haikufunuliwa ila kwa taarifa ya habari. Kiberiti kilikaa mfukoni mwa shati lake na kilikwenda naye dukani. Mama akitaka kuwasha jiko mchana, alinituma kwa jirani na kijiko cha bati kwenda kuomba kaa la moto. Nilikwenda na kurudi na lile kaa kichochoroni, watu wakinipisha, na nilimdharau baba yangu kwa kila hatua.

Lakini penye nazi ndipo alipokuwa mfalme. Mama alikuwa akikaa juu ya mbuzi, kile kibao chenye ulimi wa chuma, akikuna nazi saa za alasiri. Kila mwanamke anajua kwamba nazi iliyokunwa ukiikamua mara ya kwanza unapata tui zito, hili huwekwa kando litiwe mwisho. Ukiongeza maji ukakamua tena unapata tui la pili, jepesi, la kuivishia chakula. Baada ya hapo yale machicha yaliyobaki hutupiwa kuku na maisha yakaendelea. Kwetu hapakuwa na kuku, kwa kuwa kuku wanakula. Baba aliamuru nazi iwe moja kwa siku, hata wageni wakiwepo, na ikamuliwe mara tatu. Akirudi kutoka dukani aliingia jikoni kabla hajavua kofia, akachota machicha kwa mkono wake, akayaminya kwa nguvu juu ya sinki na kutazama. Likitoka tone jeupe, tulihutubiwa. Mama alisimama pembeni amefunga mikono, mwanamke mzima, akakaguliwa machicha. Tui la tatu likamiminwa juu ya la pili na la kwanza, yote yakawa kitu kimoja, na mihogo yetu ikaogelea ndani ya maji yenye rangi ya mchele uliooshwa.

Huyu mama yangu, Bi Asha, alikuwa mtu wa Matemwe, na kwao ndiko nilikojua kuwa kubana na kuwa mchoyo ni vitu viwili. Bibi yangu alilima mwani na alikuwa hana kitu. Hakutupa chochote kwa kuwa hapakuwa na cha kutupa: kifuu kilikuwa upawa, makumbi yalikuwa kamba, machicha yalikuwa ya kuku, na kuku alikuwa wa mgeni. Tui zito la kwanza alilitenga pia kwa ajili ya yeyote atakayepita, na asipopita mtu tulikula sisi tukiona tumebahatika. Sijawahi kumsikia bibi akitaja israfu. Baba alipokuja kumtembelea alikula tui hilo la kwanza mpaka akalamba sahani, kisha njiani akamwambia mama kwamba watu wa shamba hawaendelei kwa sababu hawajui kuweka.

Mwaka ninaouzungumzia nilikuwa nasoma chuo cha Kurani nikiwa na meno ya mbele yaliyoota upya, na Ramadhani iliingia wakati wa joto. Katika kichochoro chetu, kama ilivyo mjini kote, kila nyumba ilipeleka sahani ya futari kwa jirani kabla ya adhana ya magharibi, na sahani ya mtu haikurudishwa tupu. Sisi watoto tulipishana na sahani zimefunikwa makawa, tukitoleana salamu kama wakubwa. Jirani yetu wa mkabala alikuwa Bi Zarina, mwanamke wa Kihindi wa pale pale Malindi, mumewe akiuza vitambaa. Huyu alitengeneza katlesi za viazi na nyama ambazo zilijulikana mpaka Funguni. Alizitia nanaa na zabibu chache, na kabla ya kuzikaanga alizikandamiza juu kwa uma, zikatoka na mistari. Mama alimrudishia mihogo ya nazi. Wakati huo, kabla sheria ya nazi haijakaza sana, mihogo hiyo ndiyo iliyompa jina. Alipoolewa mjini wanawake walimwita yule wa shamba. Walipoonja chakula chake wakaanza kumwita Bi Asha, na wakamtuma mtoto kumwita wakiwa na shughuli. Mkono wake ndio uliomfungulia milango ya pale. Hakuwa na kitu kingine, hakuwa na ndugu mjini wala pesa ya kwake, na mimi nilijua hivyo ingawa nilikuwa mdogo.

Baba alizitazama zile sahani zikiingia na kutoka, akaona hesabu mbaya. Wiki ya kwanza ya mfungo alitangaza utaratibu mpya. Vinavyoingia vitiwe kwenye friji, na vinavyotoka vitolewe humo humo.

"Wao wanaleta, na sisi tunapeleka," alisema. "Sasa hapo kapata nani? Chakula kile kile kinazunguka. Basi na kizunguke bila ya kutugharimu."

"Watu watajua, Baba Salha," mama alimwambia, akimwita kwa jina langu. "Kila mtu na mkono wake."

"Katlesi ni katlesi."

Sentensi hiyo ningeiandika juu ya kaburi lake, na Mungu amweke, bado hajafa. Mama alijitahidi kumkinga na ujinga wake. Vya Bi Zarina alivipeleka mbali, upande wa pili wa mtaa, na vya mbali akavileta karibu, akavipasha moto, akavibadilisha sahani, akaongeza kipande cha ndimu ili sura zibadilike. Siku moja akashikwa na homa, akalala. Baba akafungua friji mwenyewe, akatoa sahani iliyo karibu na mkono, akaifunika kawa na kunikabidhi. Akaniambia nimpelekee Bi Zarina, maana kaleta jana na hatujarudisha.

Kwa Bi Zarina siku hiyo palikuwa na wageni, wanawake wamejaa ukumbini wanangoja mzinga wa kufuturu ulie. Nilitoa shikamoo, wakaitikia marahaba, Bi Zarina akapokea sahani kwa mikono miwili na kuifunua hapo hapo, kwa kuwa aliamini ni mihogo ya mama yangu na alitaka kuwaonjesha wageni wake. Zikatokea katlesi zake mwenyewe, zile zile, na mistari ya uma juu yake, zimesinyaa kwa baridi. Akachukua moja, akaivunja, ikatoka zabibu.

"Hizi nnazijua," alisema taratibu. "Hizi nlizikaanga mie wiki iliyopita."

Mgeni mmoja aliyekuwa akifuatilia televisheni, ambapo maandishi ya chini ya tamthilia yalikuwa yakisema kipindi hiki ni marudio, akasema, "Basi ni katlesi za marudio." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bi Zarina hakucheka, lakini hakuwazuia. Nilirudi nyumbani na sahani yetu. Ilikuwa tupu, mara ya kwanza maishani mwangu kuona sahani inarudi tupu, na baba alipoiona akasema afadhali, hatuna deni.

Jina hilo la marudio halikumshika baba. Huo ndio uonevu wenyewe, na mpaka leo nikiufikiri nahisi joto usoni. Bwana Khelef alibaki Bwana Khelef, akaendelea kukaa safu ya mbele msikitini, na wanaume wakamsifu kwa kujua kupanga maisha. Aliyeitwa Bi Marudio ni mama yangu. Alilisikia kwa masikio yake alipopona na kwenda tarawehe, pale wanawake walipokuwa wakivua viatu. Mmoja alisema mpisheni Bi Marudio, wengine wakaficha midomo kwa kanga zao. Siku zilizofuata sahani hazikuja. Mtoto hakutumwa kumwita. Mlango wa Bi Zarina, uliokuwa wazi kuanzia asubuhi, ukawa umerudishwa. Mama alirudi kuwa yule wa shamba, na kama hali ingeachwa ilivyo angebaki hivyo mpaka mwisho wa umri wake, ndani ya nyumba inayonuka mafuta, akiwa na mume wake tu wa kuzungumza naye.

Nilitarajia atagombana na baba. Nilitaka agombane naye, avunje ile globu, atupe kopo la mafuta kichochoroni. Yeye alasiri moja alikaa juu ya mbuzi akakuna nazi yake moja, ile ya sheria. Akaitia kwenye kifumbu, kile kifuko cha ukindu cha kukamulia, akakamua tui la kwanza kwenye bakuli, akalifunika. Akakamua la pili kwenye bakuli jingine. Akaongeza maji, akakamua la tatu, mpaka mishipa ya mikono ikamtoka. Halafu badala ya kuyachanganya akateremsha sufuria tatu ndogo.

"Ya kwanza ya majirani," aliniambia. "Ya pili yenu nyinyi. Ya tatu ya babako. Na we funga mdomo wako."

Baba aliporudi aliingia jikoni kama kawaida, akaminya machicha, hayakutoa kitu. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda msikitini. Hakuna sheria yake ya nazi hata moja iliyovunjwa. Nazi ilikuwa moja, imekamuliwa mara tatu, na hapana tone lililopotea. Mama akapakua mihogo ya tui la kwanza, mizito, imeshikana na samaki wa kukaanga na pilipili mbichi juu, akanipa nimpelekee Bi Zarina. Nilikataa. Akanitazama, nikaenda.

Baba alikula peke yake kwenye mkeka, na bakuli lake mbele yake, sisi tukiwa upande wa pili. Nilimtazama akichota ile mihogo iliyochemka kwenye maji ya machicha. Nilingoja ateme. Alitafuna, akameza, akachota tena.

"Leo umepika," alimwambia mama. "Chepesi, hakielemei. Hivi ndivyo ninavyotaka siku zote."

Mama akajibu, "Alhamdulillahi," bila ya kutabasamu. Mdogo wangu alitaka kucheka nikamfinya. Na hapo ndipo dharau yangu kwa baba ilipokamilika. Mpaka siku ile nilidhani anaijua raha na anajinyima, na mtu anayejinyima unaweza walau kumstahi. Kumbe hakuwa akijinyima kitu. Ulimi wake ulikuwa hauna habari. Ulichoweza kuonja ni kwamba hakijatumika kitu.

Sahani ya kwanza Bi Zarina alirudisha tupu. Ya pili pia. Mama akaendelea kupeleka, kila siku, hakuuliza kitu wala hakutuma salamu. Kumi la mwisho la mfungo Bi Zarina alikuja mwenyewe, akapiga hodi, akaingia mpaka jikoni kwetu na sahani mkononi, imejaa katlesi za moto.

"Bi Asha, mihogo hii unapikia nazi ngapi?"

"Moja."

"Muongo we. Na mumeo anakubali?"

Mama akamfunulia zile sufuria tatu, moja moja. Bi Zarina alizichungulia, akachovya kidole kwenye ile ya tatu, akaonja. Ilimchukua muda kuelewa. Kisha akakaa chini kwenye sakafu, mwanamke yule mkubwa mwenye bangili mpaka kwenye kiwiko, akacheka huku akijifuta machozi kwa mtandio. Kabla ya Idi habari ilikuwa imeshafika kila jiko la kichochoro chetu, na Bi Marudio alikuwa Bi Asha tena. Wanawake wale walitunza siri hiyo kuliko wanavyotunza dhahabu zao. Mama hakuacha kupika hivyo. Ramadhani ilikwisha, sufuria tatu zikabaki tatu, na baba akala tui la tatu mpaka tulipokuwa watu wazima tumeolewa.

Siku hizi simu yangu hainipi pumziko kwa watu wanaonifundisha kubana matumizi. Vijana wenye meno meupe wananionyesha jinsi ya kukata tyubu ya dawa ya meno kwa mkasi, jinsi ya kugandisha masalio ya chakula, jinsi ya kuungaunga vipande vya sabuni, na wanaliita hilo jambo jipya. Nikitazama nasikia harufu ya lile kopo la mafuta. Najua maisha yamepanda, najua bei ya nazi, na mimi mwenyewe nazima taa nikitoka chumbani. Lakini kila ninapomwona mtu amepoteza akili kwa furaha ya kuokoa kitu, huwa nataka kumuuliza aliyelipa ni nani, maana kwetu alilipa mama.

Mama alitangulia mbele ya haki miaka kadhaa iliyopita. Siku ya hitma masinia yaliingia nyumbani kwetu mpaka hapakuwa na pa kuyaweka, mtaa mzima ulipika. Baba alisimama kwenye mlango wa upande wa wanawake kuwashukuru, akasema marehemu hakuwa mtu wa israfu, miaka yote kampikia kwa nazi moja, na chakula chake hakikupata kumwelemea. Wanawake waliinamisha vichwa. Waliovuta kanga kwenye nyuso zao sijui walikuwa wakilia au wakifanya jambo jingine. Bi Zarina, ambaye sasa anatembelea fimbo, alinishika mkono akaninong'oneza, "Tumeuonja sote mkono wa mamako, mwanangu. Yeye tu ndiye hajauonja."

Baba anaishi kwangu Fuoni, juu ya kile kiwanja chake, ndani ya nyumba niliyoijenga mimi kwa sababu yeye aliendelea kukitazama tu mpaka magoti yakamshinda. Ramadhani hii iliyopita nilinunua nazi tatu, nikakuna kwa mkono ingawa nina mashine. Nilitaka, kwa mara moja, aonje. Sijui nilitaka kumtunuku au kumkomoa. Nilimpikia mihogo kwa tui la kwanza tupu, kama ile niliyokuwa nikimpelekea Bi Zarina, na samaki na pilipili mbichi juu, nikamwekea kwenye bakuli lake.

Alichota kijiko kimoja. Akakaa nacho mdomoni, akameza kwa shida, akakiweka kijiko chini.

"Nani kapika hichi?"

"Mie, Baba."

"Mamako hakuwa akipika hivi," alisema. "Cha mamako kilikuwa chepesi. Toka kafa, sijakipata tena." Akajifuta macho kwa ncha ya kikoi chake.

Nikalichukua bakuli lake, nikarudi jikoni, nikalitia maji.